Jina la Tatu Kwenye Risiti

Jumanne, 9 Januari
Kitambaa cha tatu cha mgongo wa kiti. Uzi wa krimu umeisha. Nitapitia kwa duka kesho nikitoka kazini. Baridi asubuhi, vumbi mchana. Neema amerudi shule, analalamika viatu vinambana. Ana miaka kumi na tatu na miguu ya askari.

Lile soko la mtandaoni ninapouzia limetuma ujumbe. Kila muuzaji aweke pin yake ya ushuru kabla mwezi haujaisha, hata kama anauza kitambaa kimoja kwa mwezi. Kila mauzo yatatoka na risiti. Asiyeweka, duka lake linafungwa.

Ushuru wenyewe ni kidogo. Kazini nakatwa kila mwezi na sijafa. Sikuwa na wasiwasi.

Jumatano, 10 Januari
Leo wametuma mfano wa risiti. Juu kabisa ni jina la muuzaji kama lilivyo kwenye kitambulisho. Majina yote matatu. Jina la duka halipo popote.

Duka langu linaitwa Mama Neema Vitambaa. Hapa mtaani West Indies mimi ni Mama Neema. Kanisani, Mama Neema. Watu hudhani natoka magharibi, upande wa baba yake Neema, aliyeenda Qatar simu ikazimika. Sijakubali. Sijakataa. Hata soko hili nililichagua kwa sababu pesa inapitia kwao kwanza. Mteja haoni ametuma kwa nani.

Beatrice Wairimu Gathogo. Ukiandika hivyo hapa Eldoret, hakuna haja ya mtu kuuliza kwenu ni wapi wala kabila gani. Mwaka wa vita, vile vya baada ya uchaguzi, walikuwa wanasimamisha watu barabarani na kuitisha kitambulisho. La kwanza na la pili hawakusoma. Walisoma la tatu. Tangu hapo silionyeshi mpaka benki au polisi waniambie.

Wanasema jina jema hung'aa gizani. Langu limekaa gizani miaka kumi na sita na sijaona likimulika kitu.

Ijumaa, 12 Januari
Nimemuuliza Mzee Abdi. Ni tajiri wangu, mwenye malori. Mimi ndiye karani wake, mwaka wa nane sasa. Nilimuuliza kwa kuzunguka: mtu anaweza kuuza vitambaa kwa pin ya mtu mwingine? Akacheka. Akasema mwenye pin ndiye atakayeulizwa, na yeye anaulizwa vya kutosha.

Kisha akaacha kucheka. Nadhani alielewa. Jina langu analijua, ndiye anayenilipa, na hajawahi kuniita kwalo mbele ya madereva. Akasema: "Mama Neema, langu linasomwa kila kizuizi cha polisi kutoka Garissa mpaka hapa. Wanalisoma pole pole. Na bado natembea."

Yeye ni mwanaume mwenye malori kumi. Sikumwambia hivyo. Nilirudi kuandika madaftari ya dizeli.

Jumamosi, 20 Januari
Nimewaza kufunga duka. Si lazima kuuza. Mshahara unatutosha mimi na Neema tukijibana.

Shida si pesa. Shida ni mikono.

Baba alikuwa na kinu cha kusaga mahindi kule Soy. Kilichomwa Januari ile ya vita, na magunia ya watu ndani. Tukakimbilia uwanja wa maonyesho hapa mjini, tukapewa hema. Baba hakuulizia nyumba. Alikuwa anataja magunia: la huyu, la yule, nitawaambia nini. Kisha kikohozi. Wanawake wa kanisa fulani walileta nyuzi na sindano za krosheti, ati tusikae bure. Nilijifunza wiki ile. Baba akakohoa, mimi nikahesabu vitundu. Alikufa Februari. Mapafu. Tulimzika Nakuru, karibu na shangazi. Tulikuwa watu wanane. Mama alibaki hukohuko na hajarudi upande huu hata siku moja.

Kwa hivyo hii si biashara. Serikali inaiita biashara, sawa. Ni kitu cha kushika. Nikiwa na sindano kichwa kinanyamaza. Nikishona tu bila kuuza, vitambaa vitajaa nyumba mpaka Neema alale nje.

Alhamisi, 25 Januari
Siwezi kufunga sasa hata nikitaka. Kuna oda ya Mama Kiprop wa Soy, niliyoianza mwanzo wa mwezi. Sofa seti nzima na kitambaa cha meza, mtindo wa mananasi, krimu na maruni. Ni ya nyumba ya kijana wake. Ameoa, bibi anakaribishwa nyumbani Februari.

Mama Kiprop simjui. Namjua sauti. Hutuma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Mbuzi wake, mgongo wake, bei ya mbolea, kisha mwishoni kabisa vitambaa. Juzi ameniambia nishone pole pole, bibi arusi hana mbio, anayekimbia ni mama mkwe. Nilicheka peke yangu.

Aliniuliza natoka wapi. Nikasema West Indies. Ni kweli pia.

Soy siendi. Mizigo naipeleka steji, inasafiri na magari ya Kitale.

Jumanne, 30 Januari
Nimefanya. Nilienda saiba, kwa wale wa kompyuta, wakati wa chakula cha mchana. Msichana wa pale alijaza pin, mimi nikasoma namba. Akalisoma jina kwa sauti ili ahakikishe. Yote matatu, na watu watano kwenye foleni. Niliangalia sakafu.

Hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja alikuwa anauliza vocha ya mbolea. Lisilobudi hutendwa. Nikalipa nikatoka.

Jumamosi, 3 Februari
Nimemaliza seti. Nimeifua, nimeipiga pasi na wanga, nimeikunja na karatasi katikati. Ni kazi nzuri. Sijui kama nimewahi kufanya nzuri kuliko hii.

Mzigo umeondoka saa nne. Kwenye simu nikabonyeza "imetumwa." Risiti ikatoka yenyewe, ikaenda kwake. Nilidhani kutakuwa na hatua nyingine ya kuuliza kama nina hakika. Hakukuwa.

Jumanne, 6 Februari
Mama Kiprop hajasema kitu. Mzigo ulifika siku ileile, dereva amethibitisha. Risiti imefunguliwa, alama ziko pale. Yeye ambaye hunitumia habari za mbuzi kuhara, siku tatu kimya.

Jumatano, 7 Februari
Kimya.

Nimetoa mfuko chini ya kitanda. Vyeti, kitambulisho, sweta mbili, dawa ya Neema ya pumu. Huwa naupanga kila mwaka wa uchaguzi, mwezi mmoja kabla. Neema ameuona mlangoni akauliza kama kuna uchaguzi. Nikamwambia nasafisha.

Mteja amejua mahali mzigo umetoka. Jina la mtaa liko. Ni mtaa mdogo, ukiuliza mama wa vitambaa utaonyeshwa mlango. Najua ni upuzi. Ni mama mzee na mgongo mbaya. Najua. Nimefunga geti na kufuli kubwa.

Ijumaa, 9 Februari
Kimya. Oda nyingine imeingia, ya Kapsoya, kitambaa cha stuli. Sijaijibu.

Nimechoka. Hata woga umechoka. Niko tu.

Jumapili, 11 Februari
Amepiga simu. Nilikuwa nakata vitunguu. Hakusalimia kama kawaida yake. Aliuliza kitu kimoja.

"Wewe ni wa Gathogo wa kinu?"

Ningesema hapana. Nilikuwa na hapana tayari, nimeibeba miaka yote. Mdomo ukasema ndiyo.

Akauliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia alikufa. Lini? Mwaka uleule, Februari. Kisha akasema, "Hatukuambiwa."

Akasema watakuja Jumamosi. Hakuomba ruhusa. Kule Soy mtu haombi ruhusa kuja kwa matanga, anakuja. Hata kwetu ni hivyo.

Nimejitafutia hasira jioni yote. Nina haki nayo. Wangeambiwa na nani? Tulitoka na nguo tulizovaa. Walitaka tutume kadi? Nikaitafuta hasira kama unavyotafuta kiberiti stima ikipotea, unajua kiko, mkono haukipati. Nikamalizia vitunguu.

Jumatano, 14 Februari
Nimejaza fomu ya ushuru ya Januari. Mtandao ulikwama mara mbili. Nilikuwa nimeuza vitambaa viwili vya meza tu. Nimelipa, nimepewa namba ndefu ya uthibitisho, nimeiandika nyuma ya kalenda.

Neema ameuliza wageni wa Jumamosi ni akina nani. Nikasema wanakuja kwa ajili ya babu yake. Akasema kumbe alikuwa na marafiki. Nikamwambia aliwasagia unga.

Jumamosi, 17 Februari
Wamekuja wawili. Mama Kiprop na shemeji yake, mzee zaidi, anatembea na fimbo. Sukari, unga, maziwa ya kibuyu yamefungwa kwa leso. Mkono mtupu haulambwi. Nilikuwa nimemtuma Neema kwa rafiki yake.

Nilidhani nikimwona uso nitamkumbuka. Sikumkumbuka. Aliponiambia alikuwa analeta mahindi kwa debe la buluu, nikakumbuka debe.

Wakaketi. Yule mzee akaomba. Alimtaja Baba kwa jina, lile la tatu, kwa sauti kubwa ndani ya nyumba yangu na madirisha wazi. Sijalisikia likitajwa hivyo tangu Nakuru. Kisha wakatoa pole. Maneno yaleyale ya kila matanga: pole kwa mzee, Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Miaka kumi na sita imepita na wameyasema kama amekufa juzi. Yule mzee alisema siku ile gunia lake moja lilikuwa ndani ya kinu, na hakuna siku amelidai. Nikasema asante, Mzee. Sijui nilikuwa nashukuru nini.

Nikaleta chai. Wakanywa. Nikaongeza.

Ndipo Mama Kiprop akaweka kikombe chini. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Kijana yangu alikuwa hapo siku ya kinu. Yeye na wengine. Alirudi nyumbani ananuka moshi, nikampikia."

Kijana wake ni mmoja tu. Huyo wa sofa. Huyo wa bibi arusi.

Alikuwa na mfuko miguuni. Nilidhani ni unga mwingine. Akaufungua juu ya meza. Vitambaa vyote, vimekunjwa vile nilivyovikunja, karatasi zangu ziko katikati. Akasema alivyosoma lile jina hakuweza kuvitandika. Akasema amevirudisha; nimrudishie pesa, nisimrudishie, ni shauri langu.

Nilivitazama. Mananasi yalikuwa yamekaa vizuri. Nilifikiria wiki nne nikimshonea. Nilingoja nisikie kitu. Mtu angetegemea kusikia kitu. Kulikuwa na saa ya ukutani na watoto wa jirani wakicheza mpira.

Nikamwambia risiti imeshatoka. Imeshaenda serikalini. Kurudisha mzigo ni lazima nitoe risiti nyingine ya kufuta ile ya kwanza, na hiyo sijui inafanywaje.

Ni kweli, sijui. Msichana wa saiba anajua. Ningemuuliza.

Akauliza, "Kwa hivyo vikae?"

Nikasema vikae. Vitandikwe. Aliyeoa ameoa.

Akavirudisha kwenye mfuko, kimoja kimoja. Alikuwa analia bila sauti na mimi nikamsaidia kushika mfuko wazi. Sijamsamehe mtu. Hakuna aliyeniomba. Yule mzee akasema chai ni nzuri, kama iko, aongezewe. Ilikuwepo. Nikamwongezea.

Nimewasindikiza mpaka barabarani. Nimeosha vikombe. Mfuko wa mlangoni bado sijaurudisha chini ya kitanda. Nitaona.

Jumapili, 18 Februari
Sikuenda kanisa. Nimejibu ile oda ya Kapsoya. Nimemwambia kitambaa kitakuwa tayari Ijumaa.

Mchana nimempigia Mama, Nakuru. Nikamwambia watu wa Soy walikuja. Hakuuliza walijuaje. Nikamwambia mwenyewe: ushuru, risiti, jina. Kuku wake walikuwa wanapiga kelele nyuma. Nikamwambia walikuja kutoa pole ya Baba. Walileta sukari na maziwa ya kibuyu.

Akauliza kama waliketi. Nikasema waliketi. Akauliza kama walikunywa chai. Nikasema walikunywa, na mmoja akaomba ya tatu.

"Basi," akasema Mama. "Sasa amezikwa."

Ya kijana sikumwambia. Hiyo nitakaa nayo mimi. Akauliza kama huku mvua imeanza. Nikamwambia bado, ni vumbi tu.