Iamkie kwa Mikono Miwili

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa barazani kwa Bibi, hapa Kondoa. Mtandio wangu umekunywa vumbi la barabara nzima. Skuta yako imeegeshwa pale pale ulipozoea kuiegesha, chini ya dirisha la jiko. Nimeileta mwenyewe. Sentensi hiyo fupi nimeiandika huku nikigeuka mara kwa mara kuhakikisha kwamba kweli ipo.

Unanijua nilivyo. Nilipokuja Dodoma kuanza kazi ya ukarani, ulinipokea kwako, mtaa wa Kikuyu, nikiwa nimeikumbatia bahasha ya vyeti kama mtu aliyebeba mayai. Siku ya kwanza ofisini niliingiwa na woga kiasi kwamba nilimwamkia mhudumu wa chai, kijana ambaye nina hakika tulimaliza shule mwaka mmoja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kupepesa macho, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Nilirudi nyumbani nikiwa nataka kuacha kazi. Nilipokusimulia, ulicheka hadi ukalazimika kukaa juu ya dumu la mafuta ya alizeti uliyokuwa ukiuza. Kisha ukanitazama kwa makini, kama unavyomtazama mteja anayetaka kupunguziwa bei.

"Kwa hiyo wewe ukiogopa, unaamkia?"

"Ndiyo, Shangazi. Inatoka yenyewe."

"Basi," ukasema, "hiyo itatufaa."

Sikukuelewa. Nilidhani unanifariji tu.

Skuta nilikuwa naijua tangu utotoni, wakati ule ukija nayo Kondoa kwa sikukuu na sisi watoto tukigombania nani akae mbele, kwenye sakafu yake bapa. Rangi yake ni ya bluu iliyopauka, mwili wake ni wa kadiri: si kubwa kama pikipiki za polisi, wala si ndogo kama zile wanazoendesha wanafunzi wa chuo. Mtaa mzima wa Kikuyu ulikuita Mama Skuta. Madumu ya alizeti uliyapanga miguuni, baibui umelikunja vizuri magotini, ukapita katikati ya mji kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Jirani mmoja alipokuuliza kwa nini hukununua pikipiki ya kawaida, ulimjibu, "Pikipiki inataka nipanue miguu kama ninayevuka mto. Skuta nakaa kitini. Mtu mzima hukaa kitini."

Jumapili zilikuwa siku zake za kuoga. Ulinipa mimi kazi ya chujio la hewa, kwa sababu ulisema vumbi la Dodoma halina adabu, linaingia hata kwenye mawazo ya mtu. Nililigonga taratibu kwenye ngazi ya mlango mpaka likaacha kutoa moshi mwekundu. Wewe ulipima oili, ukabonyeza matairi, ukainama na kuusikiliza mkanda ukizunguka, huku umenyoosha kidole kuniashiria ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema neno. Naikumbuka harufu ya petroli iliyochanganyika na ya alizeti. Mpaka leo nikiisikia, mimi huhisi ni asubuhi ya Jumapili na chapati ziko jikoni.

Halafu ukaamua kwamba nitajifunza. Nilikataa. Nilikueleza kuhusu malori, mabasi, ng'ombe wanaovuka bila kutazama na upepo unaosukuma mtu ubavuni. Uliyasikiliza yote kwa heshima, ukaniweka kwenye kiti.

"Kwanza iamkie," ukasema.

"Niamkie nini?"

"Skuta. Imetengenezwa wewe hujazaliwa. Utapanda mgongoni mwa mkubwa bila salamu? Ndivyo kaka yangu alivyokulea?"

"Shikamoo," nikasema, nikiwa nimekinyooshea kitufe cha kuwashia kidole kimoja.

"Kwa mkono mmoja? Unamwamkia muuza karanga? Mkubwa huamkiwa kwa mikono miwili. Wa kushoto ushike hapa, ubane, kama unavyompa mtu mkono kwa adabu. Wa kulia ndio ubonyeze. Na kichwa uinamishe."

Nikashika, nikabana, nikainama. "Shikamoo."

Injini ikaitika, na wewe ukaikazia sauti kama mzee wa baraza: "Marahaba!"

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Mimi nikiamkia, injini ikiwaka, wewe ukiitika kwa ile sauti nzito, hata kama ulikuwa bafuni na mdomo umejaa povu la mswaki. Nilijifunza kuzunguka uwanja, kisha mtaa, kisha barabara ya lami. Kuhusu upepo uliniambia neno moja tu: "Usishindane nao. Legeza mabega, utakuchoka." Nilipofika ofisini kwa mara ya kwanza nikiendesha mwenyewe, yule mhudumu wa chai alisimama mlangoni na kusema, "Shikamoo, dada." Nilikuja kukusimulia mbio, na ukacheka tena, ukakaa tena juu ya dumu.

Kisha ikaja ile homa yako fupi, na nyumba ikanyamaza.

Sitaandika mengi hapo, maana hukupenda barua za machozi. Ila nitakuambia hili: asubuhi ya kwanza baada ya msiba niliiamkia skuta, ikawaka, na hakuna aliyeitika. Nilikaa juu yake nikisubiri, mpaka nikakumbuka nilichokuwa nakisubiri. Kuanzia hapo nikawa naiamkia kwa kunong'ona. Asubuhi, kabla majirani hawajatoka. Jioni ofisini, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka wenzangu waondoke. Siku moja dereva wetu alinikuta nimeinama. "Dada, unaongea na nani?" Nikamwambia nasali. Akavua kofia akasubiri nimalize.

Baada ya arobaini, Baba Mkubwa akaitisha kikao hapa hapa barazani. Unamjua kaka yako: akizungumza, hata kuku hutulia. Ulipofika wakati wa kuigawa skuta, nikasema, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, kwamba naiomba mimi.

"Wewe?" akasema. "Wewe unayevuka barabara kwa kushika shati la mwenzako?"

"Huwa naendesha, Baba Mkubwa. Naenda nayo kazini."

"Kazini ni karibu. Huyu marehemu alikuwa anakuja nayo mpaka hapa kumwona mama yake. Chombo cha kutembea hakipewi mtu wa kukiegesha." Akafikiri kidogo. "Sikukuu ya Idi uje nayo. Ukifika juu yake, ni yako. Ikifika juu ya lori, inashuka hapa, anachukua binamu yako abebee kuku."

Kuku, Shangazi! Baba yangu alikuwa pembeni, akatazama viatu vyake kama kawaida yake. Bibi akasema tu, "Mwache aje." Nikakubali, na usingizi ukanihama mpaka Idi.

Leo asubuhi niligonga chujio, nikapima oili, nikajaza upepo, nikabonyeza matairi kama ulivyokuwa ukibonyeza, nikanong'ona salamu yangu, nikatoka Dodoma kuelekea kaskazini. Mpaka Mayamaya sikumbuki kama nilipumua. Malori yalinipita yakiniachia dhoruba, upepo ukanijia ubavuni, nikalegeza mabega, na kweli ukanichoka. Baada ya hapo, sijui nikuambieje, nilianza kufurahi. Nchi ilikuwa wazi pande zote, alizeti zimeinamisha vichwa mashambani, na watoto wa mbuzi wanakimbia kando ya lami kama wananisindikiza. Nilijisikia nikiimba ndani ya helmeti.

Nilipofika Chemba nikasimama ninywe chai. Nilimwamkia mama muuza chai. Nilimwamkia mzee aliyekuwa kwenye benchi. Nilimwamkia hata mtu aliyelala, akaitika usingizini. Nilipomaliza nikarudi kwenye skuta, nikakuta vijana wa bodaboda wameizunguka wanaikagua, mmoja anagonga tairi lake kwa kiatu.

Shangazi, niliona aibu. Macho yote yale! Nikajifanya mwenyeji wa safari, nikakaa, mkono mmoja kiunoni, wa pili nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya, isipokuwa jasho langu.

"Sista, hiyo betri imeshatangulia mbele ya haki," akasema mmoja.

"Betri gani? Taa si hiyo inawaka! Plagi hiyo. Imekula vumbi."

"Wala si plagi. Skuta ni chombo cha mjini. Kimeona pori, kimesusa."

"Ipige kiki, sista."

"Kiki ilikatika zamani," nikasema, na sauti yangu ikakatika pia.

Waliisukuma, wakaitikisa, wakafungua kifuniko wakapuliza. Kila mmoja alibonyeza kitufe kwa zamu yake, kidole kimoja, kwa ufundi mkubwa, na kila mmoja akapata kimya kile kile. Ndipo likaja lori la mahindi linaloelekea Kondoa. Dereva alikuwa mtu mwema, na wema wake nusura uniue.

"Binti, usihangaike juani. Nyuma kuna nafasi. Vijana watapandisha, unakaa mbele na mimi, tunafika kabla ya chakula cha mchana."

Wakaifungua bodi ya nyuma. Wawili wakaishika matairi. Mimi niliwaza kuku kwenye ile sakafu bapa, mahali ulipokuwa ukipanga madumu, mahali nilipokaa utotoni upepo ukinipiga usoni na mikono yako ikinizingira huku na huku. Nikasema, "Subirini kidogo. Niiage."

Walidhani nimechanganyikiwa na jua. Wakaiachia. Nilikaa, sikujali tena nani anatazama. Nikaishika kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha, nikabana, nikainama mpaka helmeti ikagusa kioo cha mwendo, na nikasema kwa sauti, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho: "Shikamoo."

Ikawaka.

Vijana wakaruka nyuma. Kisha yule wa betri akapiga magoti kwa kicheko. "Jamani! Kumbe ilikuwa inadai heshima yake!"

"Sasa na sisi tulivyoibonyeza kama kengele!" akasema wa plagi, na akaipigia skuta saluti. Dereva wa lori alifunga bodi yake, akanipungia mkono, akasema atakuwa nyuma yangu mpaka Kondoa, isije ikanuna tena.

Nilikwenda mbele kidogo kabla akili haijanirudia. Nikasimama pembeni, nikazima. Nikabonyeza kitufe kwa mkono mmoja: kimya. Nikabana breki kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza: ikawaka. Nikajaribu tena, na tena, huku dereva wa lori akinisubiri kwa subira ya mtu anayeamini anashuhudia ibada.

Ni breki, Shangazi. Haiwaki bila kubanwa breki. Miaka yote hii ulinificha breki ndani ya adabu!

Nilicheka peke yangu barabarani mpaka machozi yakalowesha helmeti. Kwa sababu niliona kwa nini. Ungeniambia, "Bana breki ya kushoto ndipo uwashe," ningekuandikia mtihani mzuri, na siku ya kwanza ya lori kubwa ningesahau yote, skuta ikagoma kuwaka. Mtu mwenye woga husahau maelekezo. Lakini mimi nikiogopa naamkia, inatoka yenyewe. Ulilijua hilo tangu siku ile ya mhudumu wa chai. Udhaifu wangu uliotaka kunifukuzisha kazi, wewe uliugeuza ufunguo.

Nilipoingia uani walikuwa wote nje. Bibi alikuwa ameisikia injini tangu kule kwenye kona, wanasema alisimama bila fimbo. Mama akapiga kigelegele. Baba yangu aliacha kutazama viatu. Ila Baba Mkubwa alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma, akilitazama lile lori lililonifuata mpaka getini.

"Hilo ndilo lililoileta?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Lilikuwa linanisindikiza."

"Zima," akasema. "Washa tena, nikuone kwa macho yangu."

Nikazima. Ua mzima ukanyamaza, hata kuku, ambao labda walijua kuna safari zao zinaamuliwa. Sasa nilikuwa najua habari ya breki. Ningeweza kuwasha kimya kimya kama mtu yeyote. Nikaiweka mikono yangu miwili mahali pake, nikainamisha kichwa, na sikunong'ona.

"Shikamoo."

Injini ikaitika. Nami, bila kutaka, nikasubiri tena, kama asubuhi ile.

"Marahaba!"

Sauti ilikuwa nzito, imekazwa, ya mzee wa baraza. Nilidhani nimeota. Nikainua kichwa, nikamwona Baba Mkubwa anakohoa kusafisha koo, anatazama pembeni kama mtu ambaye hakusema kitu.

"Alianza kuamkia vyombo tangu baiskeli ya marehemu baba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwitikia."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kanga kuukuu, akaanza kuifuta vumbi skuta yangu.

Keshokutwa narudi Dodoma, nikipenda upepo au nisipopenda. Jumapili nitagonga chujio kwenye ngazi yako. Na kuanzia sasa naamkia kwa sauti, ofisini na mtaani, anayetaka kucheka acheke. Wewe pumzika huko uliko, na asubuhi ukinisikia, hata kama mdomo umejaa povu, uitike.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
mwoga wako wa Kikuyu.