Sindano Nene ya Santuri ya Kwaya

Mpendwa mama,

Shikamoo. Huku tambarare, katika kijiji cha ujamaa tulichohamia, tu wazima. Nyumba ya Vudee tuliiacha, na kaburi lako limebaki huko juu milimani. Baba hupanda kulipalilia kila apatapo nafasi.

Nakuandikia kwa sababu ya Nakijwa. Ulipofariki alikuwa bado ananyonya, na sasa ni msichana wa maswali. Niliporudi likizo kutoka shuleni aliniuliza, "Dada, mama alikuwa anaongeaje?" Maneno yako nayakumbuka, "Chota maji kwanza, kitabu hakikimbii," ila nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Niliogopa, mama.

Ndipo nikakumbuka santuri ya kwaya, ile mliyokwenda kurekodi Moshi siku za Uhuru, ambayo bado tunayo. Uliporudi ulitusimulia mlivyokatazwa hata kukohoa, na mzee mmoja wa besi akapiga chafya palepale.

Mwalimu Mbonea wa hapa kijijini ana gramafoni mpya ya betri. Nilizunguka nje ya nyumba yake muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Tulipoiweka santuri, ilitoa mchakacho mtupu, kama mchele unaopepetwa. Mwalimu akanieleza kwamba mifereji ya santuri za zamani ni mipana, na sindano yake nyembamba inazama mle chini.

Baba akanipeleka Same kwa fundi redio. Fundi akapekua kopo lake, akatoa kichwa cha gramafoni cha kizamani, cheusi, chenye sindano nene.

"Binti, hiki ni kizee. Kabla ya kukishika, kiamkie."

Sikujua kama ni mzaha. Nikanong'ona shikamoo. Baba akacheka mpaka akafuta macho. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka.

Mkono wa gramafoni ya Mwalimu ulikuwa mwepesi mno kwa sindano ile, ikawa inarukaruka. Mwalimu akaufungia kipande cha bati la betri kuukuu ili uongezeke uzito, akakipunguza, akaongeza tena kidogo. Kisha kwaya ikatoka, mama, nzima nzima, na kinanda chake.

Nakijwa alisikiliza bila kupepesa. Kiongozi wa kike alipoanza ubeti wa pili, akanishika mkono.

"Mama ni huyu."

Hukuwa wewe. Alikuwa Mama Namsifu, aliyehamia Gonja. Wewe uliimba sauti ya pili. Nilikuwa nakaa ubavuni mwako kanisani, najua. Nilikutafuta chini ya wenzako wote, nikakupata mwisho wa ubeti tu, pale ulipozoea kuchelewa kunyamaza. Kidogo sana. Halafu wimbo ukaisha.

"Baba, si ndiye?" Nakijwa akauliza.

Baba aliitazama santuri ikizunguka. "Ndiye, mwanangu."

Sasa Nakijwa anaimba ubeti ule akiosha vyombo, kwa sauti ya Mama Namsifu, na ana furaha. Kila siku nataka kumwambia, nashindwa. Akikuita kwa sauti ya mwingine, mwitikie tu.

Mwalimu anasema sindano nene hula santuri kila inapopita, na yako imechoka. Nimemwomba aitunze, isipigwe, mpaka Nakijwa awe mkubwa wa kuweza kusikia sauti za chini.

Pumzika, mama.

Binti yako mkubwa