Paris Walijua Kwanza

Shangazi Ragnhild mpendwa,

Jana nilikutafuta ukumbini, nikaambiwa magoti yanakusumbua. Pole sana.

Niliwaeleza wanakijiji matokeo ya utafiti wangu: visima vyenu vina sumu. Jirani yako Egon akauliza, "We Sidsel, ulijua lini?"

Nikajibu, "Miaka miwili iliyopita." Nikakiri kwamba nilikuwa nimeshawaeleza wasomi wa Paris, wakanipigia makofi.

"Kumbe Paris wana kiu kuliko sisi!" akasema. Hakuna aliyecheka.

Shangazi, nilisubiri jarida lichapishe kwanza. Miaka yote hiyo nilikuja kwako, ukanipikia kahawa ya maji hayo. Yangu niliimwaga. Yako nilikuacha unywe.

Usiyanywe tena. Jumapili nitaleta maji ya dukani. Usiponifungulia, nitayaacha mlangoni.

Ni mimi niliyekukosea,
Sidsel