Besiboli kwenye Matanga ya Koko

Jumamosi, mutaa wa Mikelenge, Kindu. Mvua tangu asubuhi. Bashi, ile turubai ya matanga, imejaa maji, inaning'inia juu ya vichwa vyetu kama tumbo.

Leo tumemuzika koko, baba ya mama yangu. Muke wake, koko mwanamuke, hajalia. Tangu muzee afe hajaweka kitu mudomoni, hata chai. Mama anaogopa tutazika wawili.

Kwetu wajukuu njo wenye ruhusa ya kumucheka marehemu mbele ya watu. Na nani anamuigiza koko kunishinda? Hakuna. Shule niliiacha njiani, lakini kwa kuiga watu mimi ni profesa. Nikamuapia mama: koko mwanamuke atacheka, na atakula.

Nikavaa koti ya muzee, nikashika mupira wa matambara, nikasimama katikati.

Koko alikuwa muntu wa reli. Kabla ya vita padiri mumoja mugeni aliwafundisha besiboli nyuma ya gare, pale treni zinasimama. Huyu anatupa mupira, mwenye fimbo anaupiga, halafu anakimbia kituo mpaka kituo, arudi alipoanzia. Koko njo alikuwa mutupaji. Aliusemesha mupira kwanza, kama muntu anatuma mutoto sokoni. Nikafanya vile. Watu wakacheka.

Nikamuiga mudakaji wao, aliyejifunga kifuniko cha sufuria kifuani mpaka muke wake akaja kukidai katikati ya mechi. Nikamuiga Shabani, mwenye mbio kuliko wote. Shida yake mama mukwe, aliuza karanga karibu na kituo cha pili. Muntu anapita vipi mbele ya mama mukwe, kifua wazi, jasho linamwagika? Kila mara Shabani alizunguka nyuma ya choo, padiri anafoka, na wanamukamata na mupira kabla hajafika kituo.

Wazee walishika mbavu.

Koko mwanamuke alinitazama tu.

Basi nikafika mwisho. Siku vita ilifika Kindu, walikuwa wanacheza. Shabani amesimama kituo cha tatu, imebaki kidogo arudi. Bunduki zikalia, kila muntu akakimbilia kwake. Shabani alikimbilia upande wa muto Lualaba. Hakuonekana tena. Treni zikakatika miaka, padiri akaenda, wengine wakaisha mumoja mumoja, huyu homa, huyu njaa. Akabaki koko. Nikimuuliza nani alishinda, alisema besiboli haiko na saa, ile mechi haijaisha.

Nikainua mukono niwaage watu. Koko mwanamuke akasema:

"Wewe bwana yangu mudogo, usimalize."

"Ugali unapoa, koko. Kula kwanza."

"Tupa. Ukitupa nitakula."

Nikatupa ule mupira ukutani. Akameza tonge. Nikatupa tena, akameza tena. Watu walitoka, binamu zangu wakachoka kuniokotea. Mimi nilibaki natupa, nausemesha mupira kwa sauti ya marehemu. Hakuna aliyecheka tena.

Alimaliza sahani. Akasema taratibu, "Pumuzika sasa, Amisi."

Amisi ni jina ya koko tuliyemuzika. Siyo yangu.

Nikajibu, "Ndiyo, mama Zaina," vile muzee alikuwa anamuita.

Hapo njo alilia.

Sasa bega linaniuma. Kesho asubuhi atasikia njaa tena. Nitamuvalia ile koti mpaka lini?