Si Ulitaka Isizime?

Salome, acha unachofanya usome hii.

Unaikumbuka ile hita ya bafuni, kila ikianza kuchemsha maji breka inashuka, hita inazima? Jana Gasper, binamu wa mume wangu anayejiita fundi, alikuja kuitengeneza. Akaunganisha waya moja kwa moja, bila kupitia kwenye breka. Akaniambia, "Sasa haizimi tena, shemeji."

Leo asubuhi mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Newala, kaingia kuoga. Nikasikia kishindo. Kagusa bomba tu, umeme ukamtupa ukutani.

Nikakimbia kuzima meni swichi. Yuko hai, tumerudi kutoka hospitali mchana, ila mkono wa kulia una ganzi, hawezi kushika hata kikombe.

Nimeita fundi mwingine. Kafungua hita, koili ya kuchemshia maji imeoza, umeme ulikuwa unavuja kwenye maji. Breka ilikuwa inatulinda. Inatulinda, Salome, na yule mtu kairuka.

Nikampigia Gasper. Unajua kanijibu nini? "Si ulitaka isizime?"

Hata pole hakusema. Si ulitaka isizime.

Na mume wangu ananiambia tuyamalize kimya kimya, Gasper ni ndugu. Nikamwambia, "Sawa. Basi rudisha umeme, ukaoge wewe kwanza."

Na aliyelala chumbani hawezi kushika kikombe ni mama yake mzazi, si wangu.