Namba ya Pili ni Yangu Mwenyewe

Jumamosi, Tegeta. Mawingu yametanda tangu alfajiri. Mvua hainyeshi wala haiondoki.

Hili sijamwambia mtu yeyote. Chuo kilitaka namba ya mtu wa kuarifiwa nikipatwa na hatari, nami nikaandika yangu.

Simu yangu ina laini mbili. Ya kwanza niliiandikisha kama ya mwanafunzi. Ya pili, ambayo naitumia kwa bando tu na hakuna anayeijua, niliiandikisha kama ya mama. Jina ni la mama, namba ni yangu. Kwa hiyo siku hosteli ikishika moto, simu yangu italia mara mbili, na mama atakuwa huku anachambua mchele.

Ilikuwa Jumanne, kwenye ukumbi wa usajili. Wanafunzi wapya tulipanga foleni mbele ya dada mmoja mwenye kompyuta. Kukitokea moto, mafuriko au vurugu, chuo kitatuma meseji kwa mwanafunzi na kwa mzazi wake kwa wakati mmoja, na yeye ndiye alikuwa anatuandikisha.

"Namba ya pili, mdogo wangu," aliniambia bila kuinua macho. "Mzazi au mlezi. Mtu ambaye akiisoma meseji atachukua hatua."

Akiisoma.

Kaka aliyekuwa nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Mie naweka ya mjomba. Mama yangu akisoma neno hatari, atafika hapa kabla ya zimamoto."

"Tena na mwiko mkononi," mwenzake akajibu.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaitaja ile laini ya pili, taratibu, kama mtu anayetaja namba ya mama yake.

Mama yangu hajui kusoma.

Namba anazijua. Hela anaihesabu haraka kuliko mimi, na namba za simu za watu wote muhimu ziko kichwani mwake. Maneno ndiyo yanamshinda. Anawapikia wali maharage mafundi wanaojenga nyumba mpya huku kwetu, na hakuna hata mmoja anayejua. Meseji zikiingia zinaningoja mimi. Nikirudi ananipa simu, tunakaa karibu na jiko, namsomea zote, hata zile za kusema ameshinda gari.

Zamani alikuwa anampelekea Mama Nasra, jirani yetu. Nilikuwa bwenini, kidato cha tano. Siku moja ikaingia meseji ya baba, aliyekuwa amekwenda Tunduma kutafuta maisha. Mama Nasra akaisoma kwa sauti barazani, wanawake wakiwa wanasukana. Baba alisema mama asimngoje, ameshaoa huko. Mama Nasra aliisoma mpaka mwisho. Sidhani alikuwa na nia mbaya, alikuwa ameshaanza. Mama alimshukuru, akachukua simu yake, akarudi kwenye sufuria zake.

Baada ya hapo hakumpa mtu tena. Nilipofunga shule nilizikuta meseji zimejaa. Moja ilitoka kwa mama mdogo, akisema bibi anaumwa na anamuulizia mama. Simu ya msiba walipiga. Habari ya ugonjwa waliiandika.

Ndiyo maana nikataja namba yangu. Ningetaja ya mama, angefanya moja kati ya mawili: airudishe meseji kwa Mama Nasra, au aiache iningoje nirudi nimsomee. Na siku hiyo mimi ndiye nitakuwa ndani ya moto.

Ningeweza kumuuliza yule dada kama wanapiga pia. Ni swali dogo. Lakini angeniuliza kwa nini, na yule kaka alikuwa kisogoni kwangu.

Nilidhani limeisha. Niliporudi mama akaniuliza chuo kimefanya nini na mimi, nikajikuta namwambia wamemwandikisha na yeye, kwamba wiki hii watamtumia meseji ya majaribio, na kukiwa na jambo watamtumia ya kweli.

"Mie? Jina langu liko chuo kikuu?"

"Liko, mama. Yote matatu."

Kesho yake akaongeza sauti ya simu hadi mwisho, akaifunga kwenye kanga kiunoni. Akawaambia mafundi wapunguze kelele, chuo kinaweza kumtafuta.

"Mama Rehema," fundi mmoja akamtania, "wanakutaka ukafundishe?"

"Nianze kukufundisha wewe kunawa mikono."

Sikuwahi kumwona mama akijivuna hivyo. Nilijisikia vibaya.

Alhamisi chuo kilituma meseji ya majaribio. Simu yangu ikalia, ikalia tena. Ya mwanafunzi ilisema nijibu NDIYO kama nimeipata. Ya mzazi ilisema haya ni majaribio, mwanao yuko salama, jibu NDIYO. Nikajibu zote mbili. Nilijihakikishia mwenyewe kwamba niko salama.

Jana mama akaniuliza mara nyingi kama ile ya chuo haijaingia. Mwishoni akasema kwa upole, "Labda wamenisahau."

Hapo nikafanya la pili. Nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo. Nikainakili ile meseji ya mzazi, nikamtumia mama kwa laini yangu ya pili.

Nikasikia ikilia kiunoni kwake. Akatokea kwenye kona anafuta mikono, simu ameishika mbali na kifua kama kitu cha moto. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu. Sikuwahi kufikiri kwamba kila meseji, hata ya bando, ni hivyo kwake: habari imefika na yeye hawezi kuifungua.

Nikamsomea. Haya ni majaribio, mwanao yuko salama.

"Isome tena."

Nikaisoma tena. Akakaa kwenye kigoda, akaitazama simu muda mrefu.

"Sasa hii umenisomea wewe," akasema. "Ikija ile mbaya na wewe haupo, nitaijuaje?"

"Nitakupigia, mama."

"Utapigaje na wewe ndiye uko kwenye shida?"

Nikasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Leo asubuhi amekuja na jibu lake. Alikuwa anapepeta mchele, anaongea bila kunitazama, kama anavyofanya akiwa amefikiri sana. Amesema maneno yamemshinda lakini namba haijawahi kumshinda. Ile namba iliyotuma meseji ameshaikariri. Amenitajia yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea. Meseji yoyote ikiingia mimi sipo, au akihisi jambo baya tu, ataipiga hiyo hiyo, na watu wa chuo watamwambia kwa mdomo kama mwanawe mzima.

"Hapo hata Mama Nasra simhitaji," akasema.

Itaita mfukoni mwangu.

Kama ni siku ya kawaida, nitaitazama ikiita na sitajua niipokee kwa sauti ya nani. Kama si siku ya kawaida, itaita kwenye moshi, na yeye ataendelea kupiga, akiamini kuna mtu upande wa pili.

Jumatatu nahamia hosteli. Dada wa usajili bado atakuwa pale mezani. Ninachotakiwa kumwambia ni sentensi moja: badilisha hii namba, na mama yangu mpigieni simu, msimwandikie. Nimeifanyia mazoezi leo mchana kutwa. Kila nikifika kwenye "msimwandikie" sauti inakatika, na mbele yangu hakuna foleni, kuna kuku tu.

Nimeandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa mama hawezi kufika mwenyewe. Angehitaji mtu wa kumfikisha.

Kwa hiyo wewe uliyefika hadi hapa, kama unaishi huku kwetu na unakula wali kwa Mama Rehema, nakuomba. Usimsomee.