Dominiki na Barua za Mtaalamu wa Nyota

Ghorofa ya Nne, South Beach,
Durban, Afrika Kusini.
17 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Chacha,

Shikamoo mjomba. Ni mimi mpwa wako Scola. Magoti ya Bibi Ghati yanaendeleaje na baridi ya huko Tarime? Mahindi mmevuna, au nyani wamewatangulia tena? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na bado nasuka nywele saluni kwa Odette, yule Mkongomani wa Bukavu ambaye ndiye dada yangu wa huku. Naye amepona, ila meno ya mbele hana.

Mjomba, Bhoke ameniambia kwamba huko Sirari mmesikia Dominiki ameua mtu. Hajaua. Mwanao yu hai, na yule mtu naye yu hai. Nitakueleza ilivyokuwa, maana nilikuwepo.

Unajua kwamba Dominiki, pamoja na masomo yake ya fizikia, alikuwa akimsomea Mama Sonia barua. Huyu ni bibi wa Kizungu asiyeona vizuri, anakaa juu ya saluni yetu. Babu wa babu yake alikuwa mtaalamu wa nyota hapa Durban, zaidi ya miaka mia iliyopita. Aliandikiana na wenzake wa Cape Town, Mauritius na London, na barua zao zilijaza chumba kizima cha masanduku. Mama Sonia anataka zitoke katika kitabu kabla hajafa. Jioni Dominiki alikuwa akishuka kutusimulia jinsi mabwana wale walivyotukanana kuhusu nani aliyetangulia kuiona nyota yenye mkia, halafu nyuma ya karatasi hiyohiyo mmoja anamwomba mwenzake mbegu za kabichi. Odette alikuwa akicheka mpaka kitana kinamtoka mkononi.

Basi Jumamosi moja mwezi wa Machi kukawa na maandamano ya kututaka wageni tuondoke. Tulishaambiwa tufunge, lakini Odette alikuwa na bibi harusi kitini, akasema tummalize kwanza. Mara akachungulia nje: "Eish, Scola! Kuko batu mingi, banakuya na fimbo!" Bibi harusi akatoka kwa mlango wa nyuma, nusu ya kichwa haijasukwa. Vioo vikaanza kupasuka. Chupa ikampata Odette mdomoni, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha ukutani. Nikamvuta, tukapanda ngazi mbio huku nyuma yetu wanavunja kila kitu.

Mama Sonia alitufungulia. Dominiki, aliyekuwa humo akimsomea, akasukuma kabati mlangoni. Haikusaidia. Waliingia wanaume wanne, mmoja ana nondo. Jina lake nililijua baadaye mahakamani, Bonginkosi. Wakauliza kwa Kizulu masanduku yana nini. Mama Sonia akasimama mbele yao na fimbo yake, akawajibu kwa Kizulu chao, "Izincwadi!", yaani ni barua. Wakacheka. Mmoja akamsukuma, akaanguka, nikasikia mfupa wa nyonga ukivunjika kama kuni kavu.

Wakamwaga masanduku. Walipokuta kweli ni karatasi wakapandwa na hasira, wakazichoma palepale sakafuni na nyingine wakazimwaga barabarani. Dominiki alisimama ukutani ameinua mikono, akaangalia kazi ya miaka miwili ikiungua. Hakuwagusa. Nataka ujue hivyo, mjomba, kwa sababu wapo wanaosema alipigania karatasi za Wazungu.

Ndipo Bonginkosi akamkamata Odette nywele, akamburuta kuelekea kwenye balkoni. Odette akaita jina langu. Nondo ilikuwa imeinuliwa. Dominiki akanyakua darubini ya yule mzee wa kale, ya shaba, nzito kama mchi, akampiga nayo kichwani. Mtu akaanguka, nondo ikamtoka. Wenzake wakakimbia, na mpaka leo hawajakamatwa.

Kisha Dominiki akampiga tena. Alikuwa ameshalala chini, hasogei, na akampiga tena. Uso wa mwanao wakati ule sikuufahamu. Nilipiga kelele, "Dominiki, inatosha!" Akaiachia darubini, akakaa chini kando ya yule mtu, akavua shati lake akamfunga kichwa.

Polisi wakamchukua. Miezi minne nilikuwa nawaza nitakachosema mahakamani. Wakili alisema nikiulizwa niseme sikuona vizuri, moshi ulikuwa mwingi. Odette naye alinisihi: "Usimumalize, ni yeye aliniokoa." Lakini Dominiki ndiye aliyetangulia kuitwa. Hakimu akamuuliza alimpiga vipi. Nikafumba macho.

Akasema, "La kwanza nilimpiga ili amwachie Odette. La pili nilimpiga kwa hasira. Alikuwa ameshaanguka."

Wakili wake akainamisha kichwa. Nyuma yetu mama yake Bonginkosi akaanza kulia kwa sauti, nami nikalia.

Amepewa kifungo cha nje, kwa hiyo yuko huru, ila chuo bado hakijasema kama atarudi darasani. Bonginkosi anatembea, lakini mkono wa kulia umelegea na maneno yanamtoka kwa shida. Kesi yake mwenyewe inamngoja.

Barua zilizobaki zinajaza masanduku mawili tu, na nyingi zina alama za viatu. Mama Sonia hajainuka kitandani. Dominiki huenda kumsomea, akimaliza anarudi anakaa peke yake. Odette amemwambia mara nyingi, "Kaka, miye niko muzima." Yeye huitikia tu.

Mjomba, najua kwetu wapo watakaomsifu kwamba ni dume la Kikurya. Nakuomba wewe usimsifu, na usimkaripie pia. Hajakupigia simu tangu siku ile. Hukaa na simu mkononi, jina lako liko mbele yake, kisha anaizima. Anasema hajui aanze na neno gani. Mtoto wako anakuogopa wewe kuliko alivyomwogopa hakimu. Mpigie wewe. Hata ukimuuliza habari za mvua, mpigie.

Nisalimie Bibi Ghati, Bhoke na watoto wake, na Mama Dominiki, mwambie mwanawe anakula. Mungu awafunike kwa mkono wake hapo nyumbani, na sisi huku atufikishe salama.

Mimi binti wa dada yako, nikupendaye siku zote,
Scola